Kabla hujaipenda ramani ya nyumba, itembee kwanza

Mdogo wangu alinitumia ramani saba usiku mmoja, zote kaziokota mtandaoni, zote zina picha ya mbele kali sana, taa zinawaka, gari jeusi limepaki, nyasi za kijani kibichi, akaniuliza kaka ipi nzuri. Nikamwambia siwezi kukujibu maana hujanitumia kiwanja. Akaona kama namzungusha. Ila ndo hivo, ramani inakuwa nzuri ikiwa juu ya kiwanja fulani na ndani yake wapo watu fulani, na hili natamani mtu angenishika mkono akaniambia mwaka ule najenga yangu Goba, huku Dar, sababu mimi niliipenda picha na nikajenga picha.

Chumba chetu cha kulala kipo magharibi. Kwenye karatasi kilikuwa mraba tu kama miraba mingine, tena kikubwa, kina choo chake, nikafurahi. Sa hivi kuanzia saa 9 alasiri jua linaupiga ule ukuta mpaka linazama, na tofali la saruji lina tabia moja, linameza joto taratibu na kulitema taratibu, kwa hiyo saa 4 usiku ukiweka kiganja ukutani unasikia vuguvugu kama pasi iliyozimwa muda si mrefu. Feni inazungusha joto lilelile. Mwezi wa 2 tunahamisha godoro sebuleni, kila mwaka, na nyumba ni yetu wenyewe tumeijenga kwa jasho.

Kwa hiyo nianze na jua, maana ndo kitu ambacho ramani ya kuokota haikijui kabisa. Dar ipo kama digrii 7 kusini mwa ikweta. Mwezi wa 6 jua linapita upande wa kaskazini, mwezi wa 12 linaegemea kusini kidogo, na mwanzoni mwa mwezi wa 3 na katikati ya mwezi wa 10 linapita utosini kabisa, mchana unakanyaga kivuli chako mwenyewe. Maana yake kuta za kaskazini na kusini zinapigwa na jua likiwa juu, na jua la juu ni rahisi kulizuia: bati likichomoza sentimita 60 tu nje ya ukuta, saa 6 mchana mwezi wa 6 linatupa kivuli cha kama mita moja kwenye ukuta wa kaskazini, na mwezi wa 12 upande wa kusini kivuli kinashuka karibu mita mbili. Shida ipo mashariki na magharibi, huko jua linakuja limelala, linapita chini ya bati na kuingia dirishani moja kwa moja. La mashariki lina afadhali sababu asubuhi nyumba bado imepoa. La magharibi linakuta nyumba imeshashinda na joto mchana kutwa halafu linaongezea.

Ndo maana kwa ukanda wa pwani nyumba inatakiwa ilale mashariki na magharibi, yani zile kuta ndefu zenye madirisha mengi zitazame kaskazini na kusini, halafu upande wa magharibi uwape watu wasiolala huko: choo, bafu, stoo, ngazi kama ni ghorofa. Bafu likipigwa na jua la jioni linakauka, hata ukungu haushiki. Na kama ramani umeipenda sana ila masta, yani chumba kikuu cha kulala chenye choo chake, imeangukia magharibi usiitupe, muombe mchoraji aigeuze kama unaiangalia kwenye kioo, kulia iwe kushoto, mara nyingi hapo hapo vyumba vya kulala vinahamia mashariki na hujaharibu kitu. Mimi sikujua kama hilo linawezekana.

Upepo nao watu wa pwani tunaujua bila kufundishwa. Kaskazi inavuma kuanzia kama mwezi wa 12 mpaka wa 3, inatokea kaskazini mashariki, na hiyo ndo miezi ya joto kali kwa hiyo ndo upepo unaouhitaji kuliko wote. Kusi inakuja baada ya hapo, mwezi wa 4 au wa 5 mpaka wa 9 hivi, inatokea kusini na kusini mashariki. Sasa angalia ramani yako, kila chumba hesabu madirisha. Upepo hauingii mahali usipokuwa na pa kutokea, chumba chenye dirisha moja hata liwe pana kiasi gani upepo unaishia kugusa pazia. Chumba cha kona chenye madirisha kwenye kuta mbili kinapumua. Kwa hiyo nyumba ya vyumba vitatu iliyopangwa vizuri inajaribu kumpa kila anayelala kona yake ya nyumba, na vile visivyolala mtu ndo vinakaa katikati. Ukiona ramani masta ndo iko kona halafu watoto wamebanwa katikati na kidirisha kimoja, ujue aliyechora hajalala kwenye kile chumba mwezi wa 1.

Haya yote nayasema kwa Dar, Tanga, Lindi, Mombasa na huko kwetu kwenye joto. Kama unajenga Njombe au Makete ambako asubuhi unatoa moshi mdomoni, geuza maneno yangu, hilo jua la jioni ndo rafiki yako na madirisha ya kupishana upepo utayalaani. Na ndo sababu inayonifanya niogope ramani za kushusha kutoka Marekani au Afrika Kusini, ni nzuri kwao, zimechorwa na mtu anayelisaka jua kwenye baridi au anayejua nyumba nzima itakuwa na kiyoyozi saa 24.

Hapo nigusie paa la kuficha maana kila mtu sa hivi analitaka. Lile ambalo bati huwezi kuliona, kuta zimepanda juu zimelifunika, nyumba inaonekana kama boksi. Sura nzuri sana, nakubali. Ila umeondoa kile kivuli nilichokisema hapo juu, bati halichomozi tena, kwa hiyo madirisha na kuta vinabaki uchi kwa jua na kwa mvua ya upepo. Pili maji ya paa lote yanakusanyika kwenye mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta, majani ya mwembe wa jirani yakiziba pale maji hayana njia, yanarudi ndani kwenye dari ya jipsam. Ukilitaka lichukue, lakini hakikisha ramani ina vibaraza vya zege vya kutupa kivuli juu ya madirisha na kuna namna ya mtu kupanda kule juu kusafisha mfereji kabla ya masika.

Twende kwenye kiwanja. Watu wengi wana 20 kwa 20, yani mita za mraba 400, na wengine 15 kwa 20. Halmashauri inataka uache nafasi kutoka mpaka wa jirani na barabara, masharti yanatofautiana kwa hiyo ulizia kwenu, ila tuseme kwa mfano umeacha mita 3 mbele, 3 nyuma na moja na nusu kila upande. Kwenye 20 kwa 20 umebaki na 17 kwa 14, ni mita za mraba 238. Kwenye 15 kwa 20 umebaki na 12 kwa 14, ni 168. Inaonekana kubwa bado. Lakini humo humo bado hujaweka gari, tenki la maji, mashimo ya majitaka, kamba ya kuanikia nguo, banda la kuku kama unafuga, na mahali pa kufunga turubai siku ya shughuli. Halafu hili la majitaka watu wanalisahau mpaka siku ya siku: shimo likiwa nyuma ya nyumba na nyumba imejaza kiwanja ukuta kwa ukuta, gari la kunyonya linasimama getini na mpira haufiki, au unapitishwa katikati ya sebule yako. Nimeona kwa macho. Weka shimo upande ambao gari linafika, na hiyo inaamua vyoo vyako vitakuwa upande gani, kwa hiyo ni jambo la ramani sio la fundi bomba baadae.

Mteremko nao. Ramani zote za mtandaoni zimechorwa juu ya ardhi bapa kama meza. Kimara, Goba, Mbezi, Madale ardhi haiko hivo, unakuta kona moja ya nyumba ipo chini ya nyingine mita mbili na nusu, ukilazimisha ile ramani pana pale unajenga msingi mrefu kama ukuta wa nyumba nyingine na kuujaza kifusi. Hela ya kumaliza boma inaishia chini ya ardhi. Kiwanja cha hivo kinataka nyumba nyembamba inayolala kufuata mteremko, au nyumba yenye ngazi mbili tatu ndani, sebule juu vyumba chini, au ule upande wa chini ugeuke chumba kabisa badala ya kuujaza udongo. Mwite mtu apime miinuko kabla ya kuchora chochote.

Sasa ndani. Kitu kinachodanganya kuliko vyote kwenye ramani ni fanicha zilizochorwa. Kitanda kinachorwa kidogo, sofa dogo, nyumba inaonekana na nafasi kibao. Chukua futi kamba upime vitu vyako mwenyewe. Kitanda cha 6 kwa 6 ni mita 1.83 kila upande, weka fremu za mbao kinafika karibu mita 2. Chumba kimeandikwa 3 kwa 3, vizuri, uliza hiyo 3 imepimwa ndani ya kuta au katikati ya kuta, sababu ikiwa ni katikati ya kuta, tofali la inchi 6 na plasta vinakula karibu sentimita 20 unabaki na 2.8. Toa kitanda mita 2 umebaki na sentimita 80. Kabati la nguo lina kina cha sentimita 60. Umebaki na 20, na hapo ndo unatakiwa usimame uvae suruali. Kwa hiyo chumba cha watu wazima wawili chini ya 3.5 kwa 4 mimi naona ni kuteswa, bora kupunguza sebule.

Na korido jamani. Korido ya upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 8 ni mita za mraba 9.6, ni kubwa kuliko chumba cha 3 kwa 3, na hakuna mtu anayekaa mle, umelipia msingi, zege, taili, dari na rangi ya mahali pa kupita. Ramani nzuri inajulikana kwa korido fupi. Shika ramani yako upake rangi kila sehemu ambayo ni ya kupita tu, ukikuta rangi imejaa muulize mchoraji kwa nini.

Lakini nisiionee korido, maana bibi zetu waliitumia vizuri. Ile nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Magomeni au Ilala ina baraza mbele, unaingia korido moja iliyonyooka katikati, vyumba vitatu huku vitatu huku, unatokezea uani ambako kuna jiko, choo na kisima. Mlango wa mbele na wa uani vikifunguliwa upepo unapita nyumba nzima kama kwenye bomba, mgeni wa kiume anaishia barazani hajakutana na mambo ya ndani, wanawake wana ua wao, na kila chumba kinajitegemea ukipata shida unapangisha kimoja maisha yanaendelea. Kila kitu mle kilikuwa na sababu. Hata zile nyumba za mawe za Lamu na Unguja, vyumba vyake ni virefu vyembamba sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko na boriti haziendi mbali, chini ya mita 3 hivi, basi upana wa chumba ukaamuliwa na mti wa baharini. Nachosema ni kwamba hao watu walianza na hali ya hewa, vifaa walivyonavyo na adabu ya nyumba, sura ikafuata. Sisi tunaanza na sura halafu tunahangaika kuyaingiza hayo mengine kwa nguvu.

Na adabu ya nyumba bado ipo hata kama tunajifanya wa kisasa. Kaa kwenye sofa la mgeni, kwenye ramani namaanisha, weka kidole pale, halafu angalia anaona nini. Anaona mlango wa choo umefunguka? Anaona kitanda? Ile choo ya wageni ambayo mlango wake unatazamana na meza ya chakula ni kosa nimelikuta nyumba nyingi sana na lilikuwa la kurekebisha kwa ufutio. Mgeni aende choo bila kupita milango ya vyumba vya kulala. Msaidizi wa kazi atoke jikoni kwenda uani bila kukatiza sebule na ndoo. Jikoni kuwe na mlango wa nje, sababu hata ukiwa na jiko la gesi zuri kiasi gani siku ya msiba au aqiqa lile sufuria la pilau halipikwi ndani, linapikwa uani kwa kuni, na wapishi wanaingia na kutoka mara mia. Ramani za kushusha hazijawahi kufiwa, hazina mahali pa kutandika mikeka.

Halafu wazee. Mama yangu ana magoti mabovu, na nyumba nyingi zimenyanyuliwa ngazi tano sita kutoka chini kwa ajili ya sura. Kama kuna uwezekano mama au mama mkwe atakuja kukaa na wewe, na kwetu huo uwezekano upo siku zote, panga chumba kimoja cha chini, karibu na mlango, chenye choo chake, na mlango wa hicho choo uwe sentimita 90 badala ya 70, sababu siku akihitaji kushikiliwa na mtu au kiti cha magurudumu hiyo 70 haipitishi. Hizo sentimita 20 wakati wa kujenga hazina gharama kubwa, baadae ni kuvunja ukuta wenye taili.

Pesa sasa. Watu wanadhani gharama inatokana na ukubwa tu, kumbe umbo linakula hela sawasawa. Kila unapochomoza chumba nje mita moja ili nyumba ipate madoido, umeongeza mita mbili za ukuta. Mita moja ya mraba ya ukuta inakula tofali kama 10 za inchi 6. Machomozo matano ni mita 10 za ukuta, kwa kimo cha mita 3 ni mita za mraba 30, tofali 300, na chini yake msingi, juu yake linta, pande zote mbili plasta na rangi. Halafu huko juu kila kona inazaa bonde kwenye paa, yani pale miteremko miwili ya bati inapokutana, mabati yanakatwa mshazari vipande vinatupwa, na bonde ndo mahali paa linapoanzia kuvuja. Nyumba ya mstatili yenye paa la mgongo mmoja sio nyumba ya kimaskini, ni nyumba ambayo hela yake imeenda kwenye vyumba.

Maji nayo yakae pamoja. Jiko, choo cha masta na choo cha wageni vikipeana mgongo bomba ni fupi, chemba chache, ikiziba unajua pa kufukua. Vikitawanyika kila kona ya nyumba umezungusha mabomba chini ya jamvi zima la sakafu.

Na wengi wetu hatujengi kwa mkupuo. Unainua msingi mwaka huu, boma mwakani, unapaua ukipata, unahamia hata dari hamna. Hakuna aibu yoyote hapo, ila basi uchague ramani inayokubali kukatwa. Ukimwambia mchoraji mapema, ataipanga ili masta, jiko na choo vikae upande mmoja chini ya paa lao kamili, muhamie, halafu sebule kubwa na vyumba vingine vije kuunganishwa baadae bila kufumua kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Ramani ambayo paa lake ni moja kubwa lenye mabonde kila upande haikatiki, ni yote au hamna.

Kuhusu nani akuchoree, hata ukiokota wazo mtandaoni lipeleke kwa msanifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, kibali cha ujenzi cha halmashauri kinataka michoro ya mtu anayetambulika, na kama ni ghorofa mhandisi ni lazima, hapo sina mjadala. Mpelekee kiwanja, vipimo, upande wa barabara, na orodha ya watu wanaolala humo. Usimpelekee picha ya mbele kwanza.

Mdogo wangu tulifanya hivi. Jumamosi moja tukaenda Kigamboni kwenye kiwanja chake na vigingi vya mti, nyundo, kamba za katani na ile ramani aliyoipenda kuliko zote, tukaipiga chini kwa ukubwa wake halisi, kila ukuta kamba, kila mlango tukaacha uwazi. Mama tukamletea kiti. Tukaanza kuishi: nimeamka, naenda choo, narudi, naenda jikoni, watoto wanatoka shule wanaingilia wapi na viatu vya mchanga, umeme umekatika usiku naenda mlango upi. Ndani ya nusu saa mdogo wangu mwenyewe akasema sebule imekuwa uwanja na chumba cha watoto hakigeuki. Saa 10 jioni jua likaanza kuingia masta, akaweka mkono juu ya macho, akanyamaza.

Mama akauliza yeye atakaa wapi akitaka kuchambua mchele na bado aone nani anaingia getini. Kwenye ramani hapakuwa na sehemu kama hiyo. Tukang'oa vigingi vinane, tukaigeuza nyumba kama kwenye kioo, tukakata mita moja na nusu kutoka sebuleni, nusu mita tukawapa watoto na mita moja iliyobaki tukairudisha mbele iwe baraza, pana ya kutosha kiti, ungo na mtu mmoja wa kupiga naye soga. Mama akahamisha kiti chake pale ndani ya kamba, akaangalia getini, akasema hapa naona.

Jumatatu ndo hiyo tuliyompelekea mchoraji, imepigwa picha kwa simu kutoka juu ya mwembe wa jirani, na vipimo tumeviandika pembeni kwa kalamu.